Taa ya Kuchungulia Kibofu

Ng'ombe wa kijiji cha Nkuhungu walikunywa maji mara moja kwa siku. Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lifike Dodoma, na kiangazi kilikuwa kikali. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Wanaume walichimba kisima katikati ya mchanga huo, wakashuka mpaka kina cha watu wanne waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine.

Kisima kilikuwa na ngazi tatu za udongo, na kila ngazi ilikuwa na mtu wake. Wa chini kabisa aliteka maji kwa kata, akajaza kibuyu, akampa wa juu yake. Kibuyu kilipanda mkono kwa mkono mpaka kwenye hori la udongo, ambako ng'ombe walingoja. Wakati wa kazi waliimba kwa Kigogo, na maana ya wimbo wao ni hii:

Shuka chini mwenye nguvu,
panda juu mwenye woga;
maji hayana uvivu,
nayo humcheka mwoga.

Aliyesimama chini alifanya kazi ngumu kuliko wote, kwa hiyo ng'ombe wake walikunywa kwanza, maji yakiwa mengi na safi. Lakini desturi ilikuwa na upande wa pili. Ukishashuka, hupandi mpaka kundi la kwanza liondoke horini. Ukipanda kabla, ng'ombe wako hungoja zamu ya mwisho, na zamu ya mwisho ni matope.

Ndahani alikuwa mtu wa chini kwa viangazi saba. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mke mmoja, binti mmoja aitwaye Sechelela, na ng'ombe kumi na wanane. Mikono yake ilikuwa mirefu na maneno yake mafupi.

Asubuhi moja alikuwa ameinama na kata yake, mkojo ukambana. Alikuwa amekojoa muda mfupi tu kabla ya kushuka. Akauma meno. Akajaza kibuyu kimoja, kisha kingine. Halafu akaweka kata chini.

"Sila," aliita. "Nipishe."

Sila alikuwa kwenye ngazi ya juu yake. Alikuwa kaka wa mke wake, na ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Tena, shemeji? Jua halijafika hata kwenye mgongo wa ng'ombe!"

"Nipishe, nimesema."

"Haya, pita. Shemeji yangu amekuwa kama mbuzi mzee, kila kichaka anakitambua!"

Watu walicheka. Ndahani hakucheka. Alipanda, akaenda nyuma ya kichaka cha miiba. Mkojo ulianza kutoka, mara ukakatika ghafla, kama mtu aliyeziba njia kwa kidole. Akajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Akainama. Yakatoka matone machache, na la mwisho lilikuwa jekundu. Akasukuma mchanga kwa mguu, akalifunika.

Aliporudi, Sila alikuwa ameshashuka kwenye nafasi yake. Mzee mwenye kisima alikuwa ameegemea fimbo.

"Ndahani," alisema mzee, "hii ni mara ya tatu mwezi huu. Mwezi ukiandama tutagawa nafasi upya, mpaka mvua zije. Kama bado unapanda na kushuka kama kenge, sitaweza kukutetea."

"Nimesikia, baba."

Siku hiyo ng'ombe wa Ndahani walikunywa matope.

Nyumbani, mke wake Anyesi alikuwa akisonga ugali wa uwele. Alikuwa mwanamke aliyebatizwa na wamisheni, na hakuwa na tabia ya kuzungukazunguka jambo.

"Baba Sechelela, nimeona damu kwenye mawe nyuma ya tembe. Hatukuchinja kuku."

Ndahani akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda.

"Na kibuyu chako cha maji kimejaa tangu jana," Anyesi aliendelea. "Tangu lini hunywi maji?"

"Kisichoingia hakitoki. Nikipunguza maji, nitakojoa kidogo. Nikikojoa kidogo, sitaumia."

"Na umeacha kuumia?"

Ndahani akamega tonge jingine.

"Unafanya kazi ya kunywesha ng'ombe wa watu, na wewe mwenyewe unajikausha kama ngozi juani," alisema Anyesi. "Kesho anakuja yule Bashiri kuchanja watoto ndui. Nitasema naye."

"Utasema naye habari za mkojo wangu?"

"Nitasema naye habari za mume wangu."

Bashiri alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu, mwenye miaka thelathini hivi. Alikuwa msaidizi wa daktari wa Kidachi pale Dodoma. Alipomaliza kuchanja watoto, Anyesi alimpeleka mpaka kwenye tembe.

"Shikamoo, mzee," alisema Bashiri.

"Marahaba." Ndahani alijua Kiswahili. Alijifunza ujanani, alipokuwa akiuza mtama kwa misafara.

Bashiri alimuuliza maswali kwa sauti ya chini. Mkojo unakatika katikati? Unauma zaidi baada ya kutembea? Damu inakuja mwanzo au mwisho? Ndahani alijibu kwa neno moja moja.

"Njoo Dodoma Jumatatu," alisema Bashiri. "Uje na mkojo wako wa asubuhi. Utie kwenye kibuyu kidogo kilichooshwa kwa maji ya moto, ukizibe. Tutaanza na huo."

Jioni Sila alikuja kunywa togwa. Aliposikia habari, akaweka kibuyu chake chini.

"Shemeji, una akili? Mkojo wako uingie mkononi mwa mtu usiyemjua? Mtu akiwa na mkojo wako, ana wewe mzima. Atakutuma popote. Atakukausha mifupa."

"Ni msaidizi wa daktari," alisema Anyesi.

"Ndiyo maana! Na mkojo ni mwanzo tu. Nimesikia pale wanamchoma mwanaume kwa mshale wa chuma, tena mahali pasipotajwa. Anarudi nyumbani amekuwa beberu aliyehasiwa!"

"Sila, kanywee togwa kwenu!" alisema Anyesi.

Sila akaondoka akicheka. Lakini maneno yake yalibaki ndani ya tembe.

Jumatatu alfajiri, Ndahani aliingia zizini na kibuyu kidogo. Palikuwa na ndama mmoja dume, mweupe mwenye doa jeusi usoni. Ndahani alimpapasa tumbo chini ya kitovu, kama wafugaji wanavyojua. Ndama akakojoa. Ndahani akakinga, akaziba kibuyu kwa gunzi. Moyo wake ukatulia. Mgeni atapata mkojo, na yeye atabaki na wake.

Hakumwambia Anyesi. Wakatembea pamoja mpaka Dodoma.

Nyumba ya daktari ilikuwa karibu na boma, yenye kuta nyeupe. Bashiri alipokea kibuyu, akamimina mkojo kwenye glasi. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Akausogeza puani. Akamtazama Ndahani, kisha akautazama mkojo tena.

"Mzee, mgonjwa huyu anakula nini?"

"Ugali. Mlenda."

"Basi ugali wake ni wa nyasi." Bashiri aliweka glasi mezani. "Baba yangu kule Kondoa alikuwa na ng'ombe arobaini. Nimelala zizini mpaka nikaota ndevu. Huu ni wa ndama, tena dume. Namshukuru Mungu, ndama wako ni mzima kabisa. Nimwandikie arudi nyumbani?"

Anyesi aligeuka akamtazama mumewe. Alitaka kukasirika, akashindwa. Akaziba mdomo kwa kaniki yake, mabega yakitikisika.

Ndahani alitazama sakafu. "Mkojo wa mtu si kitu cha kuachia mgeni," alisema.

Bashiri hakumcheka tena. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Hata kwetu watu wanaogopa hivyo. Lakini fikiria, mzee. Kama nisingejua harufu ya zizi, ningesema huna damu, huna ugonjwa. Ungerudi nyumbani na maradhi yako, nami nimesema u mzima. Ukimdanganya tabibu, unayeumia ni wewe. Tufanye hivi. Utakojoa hapa nyuma ya pazia. Nitaupima mbele yako. Kisha tutakwenda wote shimoni nje, tuumwage, tuoshe glasi kwa maji ya moto. Hakuna tone litakalobaki mikononi mwangu. Unaonaje?"

Ndahani aliwaza. Kisha akasimama, akaenda nyuma ya pazia.

Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai nzito, na chini ya glasi ilitulia damu. Bashiri aliupasha juu ya taa, akatia dawa, akatazama. Halafu wakatoka nje, wakaumwaga shimoni. Ndahani aliosha glasi kwa mikono yake mwenyewe.

"Ninashuku jiwe kwenye kibofu," alisema Bashiri waliporudi ndani. "Lakini kushuku si kujua. Daktari atachungulia."

"Atachunguliaje ndani ya mtu?"

"Kisima chenu ukitaka kujua chini kuna nini, utafanyaje?"

"Nitashuka na mwenge."

"Ndivyo. Kibofu ni kisima cha mkojo. Daktari ana mrija mwembamba wa chuma, mwembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Ncha yake ina taa ndogo kama punje ya mtama. Unapita njia ile ile ya mkojo mpaka kibofuni. Daktari anaweka jicho upande wa nje, anaona."

Ndahani alibana magoti bila kujua. "Na kisu?"

"Hakuna kisu. Hapakatwi kitu. Unaingia chumbani kwa miguu yako, unatoka kwa miguu yako, unalala kwako siku hiyo hiyo."

"Itauma?"

"Sitakudanganya. Kwanza nitakuosha kwa maji ya dawa, ili uchafu usiingie. Kisha nitatia dawa ya ganzi kwenye njia yenyewe. Ni ya majimaji, ya baridi, inachoma kidogo. Tutangoja mpaka pawe pazito, kama mguu uliokaliwa. Mrija ukiingia utahisi kusukumwa. Kuna mahali pamoja ndani ambapo njia ni nyembamba. Hapo utasikia kero kali, ya muda wa kuvuta pumzi tatu au nne. Ukijikaza, inazidi. Ukilegea na kupumua taratibu, inapita."

"Halafu?"

"Halafu tunatia maji safi kibofuni. Kibofu kisipojaa, ni kama mfuko mtupu uliojikunja, hauonekani ndani. Hapo utahisi mkojo umekubana sana. Usione haya, usiogope, kila mtu huhisi hivyo. Kazi yote haifiki muda wa ugali kuiva."

Ndahani alitazama mlango, akamtazama mkewe, akashusha sauti.

"Shemeji yangu anasema mtu akitoka pale si mwanaume tena."

"Shemeji yako alishaingia?"

"Hapana."

"Basi amejuaje? Mrija unapita njia ya mkojo. Haukati kitu wala hauchukui kitu. Utarudi kwa mama Sechelela kama ulivyotoka."

"Tena arudi hivyo," alisema Anyesi, "maana nimemzoea." Kisha akauliza, "Na mwanamke akiugua hivi, naye huchunguliwa?"

"Huchunguliwa, mama. Njia ya mwanamke ni fupi, kazi huwa nyepesi zaidi. Na ana haki ya kuwa na mwanamke mwenzake chumbani. Hata wewe, mzee, ukitaka mama akae nawe, atakaa."

Ndahani alisema anataka akae.

Bashiri aliuliza mambo mengine. Je, ana homa au kutetemeka? Kama ana homa, watangoja ipoe kwanza. Je, amekunywa dawa yoyote? Ndahani alisema amekunywa mizizi aliyopewa na mganga mmoja.

"Vizuri umesema. Usifiche dawa uliyokunywa, iwe yetu au yenu. Sasa acha mizizi hiyo, kunywa maji. Daktari atakuwa hapa Alhamisi. Asubuhi hiyo kula kama kawaida."

"Maji nayo?"

"Maji nayo. Unapojinyima maji, mkojo huwa mzito, na chumvi yake hutuama chini kama magadi. Siku baada ya siku, magadi hayo huwa jiwe. Hukujizuia kuumia, mzee. Umekuwa ukilisha jiwe."

Njiani kurudi Nkuhungu Ndahani alisimama mara mbili, akaomba kibuyu cha maji.

Alhamisi ikafika. Bashiri alimwambia akojoe kwanza, naye akatoa mkojo wote kadiri alivyoweza. Kisha Bashiri alimlaza chali juu ya meza ndefu, magoti yameinuliwa na kuachana. Akamfunika shuka safi, palipohitajika tu pakabaki wazi. Anyesi alikaa upande wa kichwa chake.

Daktari aliingia. Alikuwa Mdachi mrefu mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha vipande.

"Habari, mzee. Wewe sema mimi 'acha', mimi acha. Umesikia?"

"Nimesikia."

Daktari alinawa mikono muda mrefu. Vyombo vilitolewa kwenye maji ya dawa. Bashiri alimwosha Ndahani, akatia ganzi. Ilikuwa baridi, kisha ikachoma, kisha pakawa pazito. Walingoja. Mahali fulani nje gari la moshi lilipiga filimbi.

Hapo Ndahani akauona mrija. Ulikuwa mrefu, unang'aa, na waya wake ulishuka mpaka kwenye kisanduku cheusi sakafuni. Daktari alijaribu taa. Nuru ndogo ikawaka kwenye ncha. Ndahani aliona mshale wa Sila.

Daktari alisogea. Mrija ukagusa mwili.

"Acha!" alisema Ndahani.

Daktari akaacha. Aliinua mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyemkaripia, hakuna aliyemshika miguu. Ndahani alingoja wamlazimishe. Hawakumlazimisha.

Anyesi aliinama sikioni mwake. "Ng'ombe kumi na wanane, Baba Sechelela. Twende nyumbani au tubaki?"

Ndahani alitazama dari. Pumzi zake zilikwenda mbio, kisha zikapungua.

"Endelea," alisema.

"Pumua," alisema daktari. "Pole pole."

Mrija ukaingia. Ndahani alihisi kusukumwa, kitu kigeni, lakini si maumivu. Kisha pakaja mahali pale pembamba. Kero ilimpanda mpaka mgongoni. Miguu ilitaka kujikaza.

"Legea," alisema Bashiri. "Vuta pumzi kama unayetaka kushuka kisimani. Moja. Toa. Mbili. Toa."

Kwenye pumzi ya nne kero ikapita. Maji yakaingia, mkojo ukambana kweli kweli. Alijua ungembana, kwa sababu aliambiwa. Kwa hiyo hakuogopa. Hilo peke yake lilimshangaza.

Daktari aliweka jicho. Akageuza mrija kidogo kidogo, akanong'ona kwa lugha yake. Bashiri akatafsiri.

"Anaona ukuta wa kibofu. Ni mwekundu upande mmoja. Hakuna uvimbe. Sasa anaona... ndiyo. Jiwe, mzee. Moja. Kubwa kama kunde, la rangi ya udongo. Limekaa karibu na mlango wa kutokea. Ndilo linaloziba."

"Kama kunde?" alisema Ndahani. "Kunde moja inipandishe kisimani mara tatu?"

Daktari hakuelewa, lakini alimwona Anyesi anacheka, naye akatabasamu. Mrija ukatoka taratibu. Kazi ilikuwa imekwisha.

Bashiri alimpa Ndahani nafasi ya kukojoa nyuma ya pazia, akamkalisha kivulini.

"Leo ilikuwa kuona tu," alisema. "Tiba ina siku yake. Wiki ijayo daktari atakulaza kwa dawa ya usingizi. Atalisaga jiwe kwa koleo ndogo kupitia njia hiyo hiyo, na kulisafisha kwa maji. Sasa sikiliza, na mama asikilize. Leo na kesho mkojo utachoma. Utakuwa na wekundu kidogo, kama maji yaliyooshea nyama. Hiyo ni kawaida. Kunywa maji mengi, kibuyu baada ya kibuyu, yasafishe njia."

"Na nini si kawaida?" aliuliza Anyesi.

"Akipata homa na kutetemeka. Akishindwa kukojoa kabisa, tumbo likajaa. Damu ikiwa nzito, yenye mabonge. Au maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua. Likitokea lolote kati ya hayo, msingoje kuche. Mleteni."

Usiku ule mkojo ulimchoma Ndahani kama pilipili. Asubuhi akauona wekundu, mkono wake ukasukuma kibuyu cha maji kando. Anyesi akakirudisha mbele yake.

"Tuliambiwa nini?"

Ndahani akanywa. Kufika jioni wekundu ulikuwa umefifia. Siku ya tatu ulikwisha.

Wiki iliyofuata alilazwa Dodoma siku nne, jiwe likasagwa. Bashiri alimwonyesha vumbi lake kwenye karatasi. Ndahani aliomba kuondoka nalo, akalizika mwenyewe. Daktari alimkataza kazi nzito kwa mwezi mmoja.

Lakini mwezi wa angani haukumngoja. Uliandama siku mbili baada ya yeye kurudi. Mzee mwenye kisima aligawa nafasi kama alivyosema, na nafasi ya chini akapewa Sila. Ng'ombe kumi na wanane wa Ndahani walikunywa matope siku baada ya siku. Mama wa yule ndama mweupe alikauka maziwa, na ndama akafa. Ndahani alichuna ngozi yake kimya. Kisha akajaza kibuyu chake cha maji, akanywa chote.

Mwezi wa katazo ulipokwisha alirudi kisimani, akapewa ngazi ya juu kabisa, ya wazee na vijana wadogo. Alipokea vibuyu tangu asubuhi mpaka mchana, hakuomba kupishwa hata mara moja. Watu waliona.

Siku ya tano, Ndahani aligundua jambo. Wimbo ulikuwa umepungua nguvu. Sauti kubwa kuliko zote haikuwamo. Chini kule Sila aliteka maji kimya.

"Nipisheni," alisema Sila ghafla.

Kundi la kwanza lilikuwa bado horini. Sila alipanda bila kumtazama mtu, akaenda nyuma ya kile kichaka cha miiba. Alikaa huko muda mrefu. Kutoka juu ya kisima Ndahani aliuona mguu wake ukisukuma mchanga, ukafunika kitu, ukakanyagia.

Ndahani aliujua mguu ule. Ulikuwa wake miezi miwili iliyopita.

Mzee mwenye kisima aligonga fimbo. "Desturi ni desturi. Ndahani, shuka. Kuanzia kesho kundi lako linaanza."

Ndahani alishuka. Maji baridi yakamfika magotini. Kabla ya kujaza kibuyu cha kwanza, alikunywa kata mbili. Kisha mikono yake mirefu ikaanza kazi, na hakupanda mpaka ng'ombe wa mwisho akaondoka horini.

Alipotoka, jua lilikuwa limegeuka. Watu walikuwa wameshaondoka na makundi yao. Sila alikuwa amekaa peke yake mchangani, magoti kifuani.

"Mbukwa, shemeji," Ndahani alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa."

Wakakaa. Sila alichora mstari mchangani, akaufuta. Akachora mwingine.

"Shemeji," alisema mwishowe, macho yake chini. "Ule mshale. Unauma?"

Ndahani angeweza kumtaja yule mbuzi mzee wa kila kichaka. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza.

"Si mshale. Ni mrija wenye taa. Kuna mahali pamoja panapokera, muda wa pumzi nne. Nitakwenda nawe, nitakuhesabia."

Akafungua mfuko wake wa ngozi, akatoa kibuyu kidogo kilichooshwa, chenye kizibo kipya. Alikuwa akitembea nacho kwa siku tano, bila kujua atakayekihitaji ni nani. Akakiweka mkononi mwa Sila.

"Wa asubuhi," alisema. "Tena uwe wako mwenyewe. Yule bwana anawajua ng'ombe."